Sheminee ya Gécamines ipumzike kidogo: niliyojifunza kwa kutengeneza afishi za filamu fupi

Afishi yangu ya kwanza, yaani bango la kutangazia filamu fupi, ilikuwa na nyuso sita. Sita, kwa filamu ya dakika 12. Nilizipanga kama kichuguu, kubwa juu na ndogo chini, nikatia cheche na vumbi nyuma, nikasimamisha sheminee ya Gécamines, lile bomba refu la moshi la kampuni ya madini hapa Lubumbashi, na terili lake jeusi, ule mlima wa mabaki ya madini, upande wa kulia, kisha jina la filamu nikaliandika kwa herufi za dhahabu zinazometa. Rangi ya machungwa huku, buluu kule, kama filamu za mapigano. Nikajiona fundi.

Filamu yenyewe ilihusu bibi mmoja wa Katuba, hapa hapa mjini, anayezunguka na karatasi za marehemu mume wake akifuatilia pensheni. Basi. Hakuna mtu anayepigwa hata kofi.

Siku ya kuionyesha, viti vya mbele walikaa vijana wa kwartie, wa mtaani kwetu. Dakika kama tatu hivi, mmoja akageuka akaniuliza kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Yaya" (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu), "vita itaanza saa ngapi?" Ukumbi ukacheka, mimi nikacheka. Mwongozaji hakucheka. Wale vijana hawakuwa na kosa, maana afishi yangu ndiyo iliyowaita kuja kuona vita.

Nilikuwa nimeazima nguo za mtu mwingine. Zile nyuso nyingi kwenye afishi za filamu ndefu zina sababu: watu wanawajua wenye nyuso, na jina la nyota ndilo linalouza tiketi. Hata yale maandishi membamba yaliyosongamana chini, marefu kama matete, yametoka kwenye mikataba ya Hollywood. Mkataba ukisema herufi za jina la fulani ziwe na kimo cha asilimia fulani ya jina la filamu, mchoraji anatafuta ujanja: anachukua herufi zenye kimo kinachotakiwa lakini nyembamba sana, majina yote yanaenea. Sasa sisi huku, mwigizaji mkuu ni shangazi wa mwongozaji, na wa pili ni jirani aliyekubali kwa sababu ya soda. Nani alisaini mkataba gani?

Kwa filamu fupi (na Oscar wanaihesabu fupi ikiwa haizidi dakika 40, majina ya mwisho yakiwemo) mimi sasa natafuta picha moja yenye swali ndani yake. Hilo sikulitoa mbali. Sebuleni kwa babu yangu kulikuwa na mchoro wa Mamba Muntu, kama nyumba nyingi za Lubumbashi miaka ile ya sabini: mwanamke nusu samaki, yuko majini, anakuangalia. Mtu mmoja tu kwenye picha. Lakini mgeni akikaa chini yake, mazungumzo hayaishi: nani alimwona, nani alitajirika, nani alipotea mtoni. Wachoraji wetu wa wakati ule, akina Tshibumba Kanda Matulu, walijua kuweka hadithi ndefu ndani ya kitambaa kidogo, na pale walipohitaji maneno waliandika maneno machache juu ya picha yenyewe, wala hawakuona aibu. Ukitaka shule ya afishi, iko hapa hapa mjini.

Basi tukarudi kwenye ile filamu ya bibi. Nikamwomba mwongozaji anionyeshe filamu bila sauti. Kulikuwa na sehemu bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki, amepakata bahasha ya plastiki yenye karatasi za mume, mikono miwili imeishika kama mtu aliyebeba kuku sokoni anayeogopa atamtoroka. Uso hauonekani. Nikasema, hii hapa. Nikaikata picha kwenye video, nikaenda nayo kwenye fotokopi wanitolee kwa karatasi ya A3.

Ikatoka ukungu mtupu.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoangukia. Video ile ilikuwa ya nukta (pikseli) 1920 kwa 1080, na imelala. Afishi inasimama. Ukikata kipande kinachosimama kwa umbo la A3 kutoka kwenye video hiyo, unabaki na nukta kama 763 kwa 1080. Kuchapisha A3 vizuri, nukta 300 kwa kila inchi, unahitaji 3508 kwa 4961. Kwa zile nukta zangu 763, karatasi inayotoka safi kabisa ina upana wa sentimita sita na nusu na urefu wa tisa. Hiyo ni karata ya kuchezea, si afishi. Hata ukirekodi kwa 4K, yenye nukta maradufu kila upande, kipande unachopata kinafika A3 kwa nukta 130 tu kwa inchi. Kutoka mbali kinapita, karibu kinajionyesha.

Dawa yake haina gharama: picha ya afishi ipigwe siku ya kurekodi, kwa kamera ya picha au simu nzuri, ikiwa imesimama, kabla taa hazijazimwa na mwigizaji hajavua nguo za kazi. Dakika kumi. Acha nafasi tupu juu au chini, maana jina la filamu litakaa wapi? Sisi ilibidi turudi Katuba wiki tatu baadaye kumtafuta bibi, na bahasha ilikuwa imeshapotea. Tukanunua nyingine, mpya, inang'aa, nikaisugua chini kwenye vumbi mpaka ikakubali kuzeeka.

Halafu suala la giza. Kwenye skrini, picha inatoa mwanga wake yenyewe. Karatasi haina mwanga, inangoja wa dirishani. Uso mweusi uliopigwa gizani, ambao kwenye kompyuta ni mzuri hata unatamani kulia, kwenye mashine ya fotokopi unageuka doa. Nimewahi kumpoteza mwigizaji mzima hivyo, yamebaki meno na kola ya shati. Siku hizi napandisha mwanga wa katikati, ule usio weusi wala weupe, mpaka kwenye skrini ninaona umezidi kidogo. Natoa nakala moja ya A4 kwanza, nainunua kwa pesa yangu, natoka nayo nje juani. Nikiridhika ndipo nalipa zile nyingine. Na kama unaweza kumshauri mpiga picha, mwombe mwanga wa pembeni, unaochora shavu na pua.

Kuhusu saizi nisikuchoshe. Waamerika wana yao ya inchi 27 kwa 40, Wafaransa wana kubwa ya sentimita 120 kwa 160 na ndogo ya 40 kwa 60. Sisi A3 ndiyo bei yetu. Lakini ukweli ni kwamba watu wengi wataiona afishi kwenye simu, na anayechagua filamu za festivali ataiona ndogo kama kidole gumba kati ya nyingine mia. Kwa hiyo ninaipunguza mpaka ilingane na kidole changu, nampelekea dada anayeuza yunite, salio la simu, pale kona. Simwulizi kama ni nzuri, kwa sababu atasema ni nzuri. Namwuliza: "Hapa umesoma nini?" Akisoma jina la filamu bila kukunja macho, imepita. Ile ya mikono aliitazama kidogo akauliza, "Ule mama anaficha nini?" Nikaenda nyumbani nikiimba.

Herufi za dhahabu nimeziacha. Nimeacha pia Trajan, ile aina ya herufi iliyochorwa na Carol Twombly mwaka 1989 kwa kufuata maandishi ya Warumi waliyochonga kwenye mawe. Ni herufi nzuri, lakini Hollywood wameitumia mpaka imechoka, na ukiiweka kwenye filamu yako ya dakika tisa inaonekana kama mtoto aliyevaa koti la baba. Jina la filamu likiwa la Kiswahili, liache likae kubwa kwa Kiswahili, na tafsiri ya Kifaransa au Kiingereza iwe ndogo chini yake. Mawili yakilingana yanagombana.

Sheminee je? Siichukii. Ni yetu. Lakini hesabu afishi za filamu zilizotengenezwa mjini hapa, uone ngapi zimeiweka nyuma hata kama hadithi ni ya harusi. Ikiwa mtu kwenye filamu yako anaishi chini yake na moshi ndio uliomwua, iweke, tena kubwa. Ikiwa unataka tu kusema "tuko Lubumbashi", jina la mji linaweza kukaa chini pamoja na mwaka na dakika.

Yale matawi mawili ya majani yanayozunguka jina la festivali kwenye afishi, kuonyesha filamu ilichaguliwa au ilishinda, yanatoka mbali: Ugiriki ya kale, washindi wa michezo ya Delphi walivikwa taji la majani ya mlaureli. Leo kuna mashindano ya mtandaoni ambayo ukilipa tu unapewa tawi, na nimeona afishi ina matawi kumi na moja, uso wa mwigizaji umefunikwa kama mtu aliyejificha kichakani. Tawi moja la FESPACO, festivali ya filamu za Afrika kule Ouagadougou, au la Clermont-Ferrand, ile ya filamu fupi kule Ufaransa, linasema kuliko hayo yote. Hujapata? Acha anga iwe tupu, inapendeza. Na weka faili moja isiyo na tawi lolote, utaihitaji. Faili hiyo, ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha itabanwa, na utarudi kwenye karata yetu ile.

Majina ya chini ninayaandika kwa mistari miwili au mitatu inayosomeka: mwongozaji, mwandishi, waigizaji, picha, sauti, uhariri, muziki, mtayarishaji. Kwenye afishi ya bibi, ile ya pili, nzuri, niliyoisifu hapa juu, nilimsahau mtu wa sauti. Nakala zilikuwa zimeshatoka. Alikuja kwenye onyesho, akasimama mbele yake kwa muda, akasoma mpaka mwisho, akaenda kukaa. Miezi miwili alinisalimia kwa kichwa tu. Sasa kabla sijaenda fotokopi nampigia kila mmoja aniandikie jina lake kwa mkono wake mwenyewe, na ninaanza na mtu wa sauti.