Rangi imepotea, sawa, imekwenda wapi?

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa mwisho, kila msimu wa miradi hawakosekani wawili watatu wanaokuja maabara na wazo lile lile: kufunga kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mmenyuko wa kemikali, ndani ya punje za jeli, kisha kusafishia maji machafu. Wazo zuri, na mimi nalipenda. Kimeng'enya kikiachwa huru kinakwenda na maji, umekitumia mara moja basi. Ukikifunga kwenye kitu kigumu unakichuja, unakisuuza, unakitia kazini tena. Ila jambo lenyewe si geni. Mwaka 1916 Nelson na Griffin walionesha kuwa kimeng'enya cha invatesi kilichonata kwenye makaa bado kinavunja sukari, na mwaka 1983 Klibanov na wenzake wakaandika namna peroksidesi, kimeng'enya kingine, inavyotoa fenoli, kemikali zenye sumu, kwenye maji taka yatokanayo na makaa ya mawe. Kwa hiyo usijaze ukurasa mzima wa pendekezo ukidai wewe ndiye wa mwanzo. Swali lenye thamani ni la hapa hapa Unguja na Pemba: je, kitu hiki kitafanya kazi kwenye maji yetu?

Wengi wenu mtaanza na lakesi, kimeng'enya kinachotoka kwa kuvu wanaoozesha miti. Ina atomi nne za shaba, inatumia oksijeni ya hewani kushambulia fenoli, baadhi ya rangi za vitambaa na mabaki ya baadhi ya dawa. Haihitaji kutiliwa peroksidi ya haidrojeni kama peroksidesi, ambayo ukizidisha peroksidi kidogo tu inakufa. Peroksidi hiyo lazima uitonee pole pole. Kwa anayeanza, lakesi ni nyepesi zaidi. Lakini jua mipaka yake mapema. Haiondoi chumvi, haiondoi naitreti inayopenya kutoka kwenye mashimo ya vyoo, haiui vimelea. Mwanafunzi akinambia anataka lakesi imsaidie dhidi ya kipindupindu, namwelekeza kwenye klorini.

Sasa kinachowaponza wengi. Kabatini mwa kila maabara ipo chupa ya bluu ya methilini, rangi ya kemikali ya buluu, basi mtu anaichukua kwa kuwa ipo. Anatengeneza punje za alijineti, jeli ya mwani inayogandishwa kwa kalsiamu, zenye lakesi, anazimimina kwenye maji ya buluu, anakwenda kula, akirudi maji meupe pe. Picha zinapigwa, zinarushwa kwenye kundi la darasa. Mimi huuliza: punje zenyewe zina rangi gani? Anazitazama, buluu iliyokolea. Alijineti ina chaji hasi, bluu ya methilini ina chaji chanya, na viwili hivyo vinashikana hata kama ndani ya punje hamna kimeng'enya hata chembe. Hakuna kilichovunjwa hapo. Rangi imehama tu kutoka kwenye maji kwenda kwenye punje.

Kwa hiyo usinioneshe grafu yoyote kabla sijaona vyombo vinne vikiwa pamoja: punje zenye kimeng'enya hai, punje zenye kimeng'enya kilichochemshwa kikafa, punje tupu, na maji ya rangi yasiyotiwa kitu. Tofauti kati ya kile cha kwanza na cha pili ndiyo kazi ya kimeng'enya. Mengine yote ni kunata. Ukimaliza, chukua punje zilizotumika uziyeyushe kwenye sitreti ya sodiamu. Sitreti inainyang'anya alijineti kalsiamu yake, punje inafumuka, na rangi iliyojificha inatoka ikapimike. Na kama unaweza kuchagua rangi, tafuta rangi ya vitambaa iitwayo Remazol Brilliant Blue R. Lakesi nyingi zinaimudu, ina chaji hasi kama alijineti kwa hiyo hainati ovyo, na unaisoma kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima ukolevu wa rangi kwa mwanga, karibu na nanomita 595.

Hata pale rangi inapovunjwa kweli, kazi haijesha. Lakesi haigeuzi fenoli kuwa hewa. Inazifanya ziwe kali kiasi cha kushikana zenyewe kwa zenyewe, zikawa molekuli kubwa za kahawia zinazotuama chini au kuziba punje. Wakati mwingine kinachotoka kina sumu kuliko kilichoingia. Kipimo kisicho na gharama ni kitunguu maji: weka vitunguu vichanga juu ya vikombe, kimoja kina maji safi, kimoja maji machafu, kimoja maji uliyoyasafisha, halafu pima urefu wa mizizi baada ya siku chache. Wapo wanaokidharau kipimo hiki kwa sababu kinafanana na cha skuli ya msingi. Mimi nakiamini kuliko asilimia nyingi ninazooneshwa.

Kutengeneza punje kwenyewe ni kazi ya mkono, na mkono unajifunza. Alijineti ya sodiamu asilimia 2, uikoroge pole pole, uiache usiku kucha mapovu yatoke. Changanya na kimeng'enya, vuta kwenye sirinji, dondoshea kwenye kloridi ya kalsiamu inayozunguka. Sirinji ikiwa chini mno punje zinaota mkia kama viluwiluwi. Inyanyue hadi zidondoke mviringo. Tumia sindano nyembamba, kwa sababu kwenye punje kubwa uchafu haufiki katikati kwa wakati na kimeng'enya cha ndani kinakaa bure. Na jua kwamba matundu ya alijineti ni makubwa kuliko lakesi. Itavuja. Pima maji uliyosuuzia kila mara, maana kimeng'enya kilichovuja kinaendelea kufanya kazi nje na wewe unaihesabu kuwa ni kazi ya punje. Wengine huzuia hilo kwa kukiunganisha kwanza kwa glutaraldihaidi, kemikali inayofunga protini pamoja. Inasaidia, lakini ukizidisha inakiua kimeng'enya, na mvuke wake ni sumu, usiifungue nje ya kabati la kuvuta hewa.

Kosa la bafa, yaani maji ya kemikali yanayoshikilia pH isibadilike, nalikuta kila mwaka. Maelekezo mengi ya lakesi huru yanatumia fosfeti au sitreti. Ukitia punje za alijineti humo, kalsiamu inakamatwa na punje zinalegea, zinavimba, mwisho unabaki na ute. Mwanafunzi analaumu alijineti ni mbovu, kumbe ni bafa. Kwenye pH ya asidi tumia asetati. Ukipima kwa ABTS, kemikali inayogeuka kijani lakesi ikiifanyia kazi, kwenye nanomita 420 usishtuke punje zikigeuka kijani huku maji yamekuwa na rangi hafifu: mmenyuko unafanyika ndani, rangi inachelewa kutoka, na namba utakayosoma mwanzoni ni ndogo kuliko kazi halisi. Koroga mfululizo, chukua sampuli kwa vipindi.

Tukija kwenye maji yetu sasa, hapa ndipo mradi unaposimama au kuanguka. Vipimo vizuri vya vitabuni vimefanywa kwa maji yaliyokenekwa, kwenye pH 4 au 5. Nenda Paje, Jambiani au Nungwi ukachote maji ya kisima. Kisima kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji ni magumu na pH yake iko saba kwenda juu, pahala ambapo lakesi nyingi za kuvu zinasinzia. Tena visima vya karibu na pwani vinavutwa sana, hasa penye mahoteli, na maji ya bahari yanaingia chini kwa chini. Kloridi ya chumvi hiyo ya bahari inashika kwenye shaba ya lakesi na kuizuia. Kiasi inachovumilia kinatofautiana kutoka lakesi moja hadi nyingine, kwa hiyo lazima uipime ya kwako. Na sodiamu ya chumvi hiyo hiyo inabadilishana nafasi na kalsiamu kwenye punje, punje inalainika hata bila fosfeti. Chumvi inakupiga pande mbili.

Ningekuwa nyinyi, wiki ya mwanzo nisingegusa kimeng'enya. Ningebeba madumu, nikachukua maji ya visima vya pwani na vya ndani kama Tunguu, nikapima pH, ugumu na upitishaji umeme, kiangazi kisha baada ya masika. Halafu ningetengeneza maji ya mfano yenye chumvi hiyo hiyo na kuyatumia tangu jaribio la kwanza. Matokeo ya chini kwenye maji ya Jambiani yananisisimua kuliko asilimia tisini kwenye maji yaliyokenekwa.

Halafu kuna mwani, na hapa nakiri nina upendeleo. Alijineti inatoka kwenye mwani wa kahawia na tunainunua. Mwani unaolimwa kwetu tangu 1989, kotonii na spinosamu, unatoa karajinani, jeli nyingine ya mwani. Ya kotonii inaganda kwa potasiamu, ya spinosamu kwa kalsiamu. Kampuni ya Tanabe ya Japani ilitumia karajinani ya kotonii tangu miaka ya 1970 kufunga bakteria kwa uzalishaji wa viwandani, kwa hiyo si ndoto. Kotonii imekuwa ngumu kulimika maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto, lakini spinosamu ipo tele na bei yake kwa wakulima ni ya kusikitisha. Atakayenijaribia punje za spinosamu kwenye maji ya chumvi, mlango wangu uko wazi. Akumbuke tu kwamba karajinani nayo ina chaji hasi, na vile vyombo vinne viko pale pale.

Umeme usiuamini. Kebo ya baharini ilipoharibika Disemba 2009, Unguja ilikaa gizani karibu miezi mitatu. Nunua kimeng'enya cha unga kilichokaushwa, kigawe kwenye vichupa vidogo, usikiyeyushe chote. Punje zilizokwisha tengenezwa zikae kwenye friji ndani ya kloridi ya kalsiamu hafifu, si kwenye friza, barafu inazipasua.

Punje zilizochakaa msizimwage kwenye sinki. Zimebeba rangi na fenoli mlizozitoa kwenye maji, sinki letu linakwenda kwenye shimo, na mawe ya matumbawe hayachuji kitu, yanapitisha tu hadi kwenye kisima cha jirani. Zikausheni, zitieni kwenye chupa yenye lebo na tarehe, mmkabidhi fundi wa maabara pamoja na taka nyingine za kemikali.