Re: Napotea katikati ya Heian Shodan

Salama ndugu. Kwa hiyo kwenye Heian Shodan, kata (mfululizo wa miondoko iliyopangwa) ya karate, unapotea baada ya kiai (ukelele) ya kwanza, na ukimaliza hujarudi ulipoanzia.

Kagua kwanza ule mgeuko wa baada ya kiai. Kwenye age-uke (kinga ya juu) ya tatu mguu wa kulia uko mbele; huo unabaki, wa kushoto unapita nyuma yako, nyuzi 270. Wengi huzungukia kulia kwa kuwa ni karibu, kata ikavurugika hapohapo. Rudia kipande hicho tu, mikono kiunoni.

Kutorudi mwanzo mara nyingi ni hatua: age-uke tatu za kwenda ndefu, oi-zuki (ngumi za kusonga mbele) tatu za kurudi fupi (pumzi imekata!). Bandika utepe sakafuni upime.

Nasemea mtindo wa Shotokan. Kama mko mtindo wa Wado-ryu, ambako kata hii huitwa Pinan Nidan, urefu wa hatua muulize sensei (mwalimu) wako.