Hivi ubongo wa popo unapimwaje akiwa anaruka?

SWALI: Assalaam alaykum. Mie niko Chake Chake, Pemba, kila magharibi nawatizama popo wa Kidike wanavotoka makundi kwa makundi. Sasa kuna mtu kanambia wataalamu wanapima ubongo wa popo huku mwenyewe yuko hewani. Vipi yakhe, si kupima ubongo lazima ulale ndani ya mashine usijitikise?

JIBU: Waalaykumu salaam. Hiyo ya kulala kimya ni MRI, mashine ya kupiga picha ndani ya mwili kwa sumaku, na hapo ndo penye taabu, mana popo alofungwa haruki wala hatafuti tunda, utapima nini? Kwa hiyo anafanyiwa operesheni, nyuzi nyembamba za chuma zinatiwa ubongoni, juu ya kichwa kinawekwa kidude chenye betri kinachorikodi umeme wa seli, halafu anaachiwa aruke (kumpasua mnyama kichwa si jambo dogo, na watu wana haki ya kuliuliza).

Kwa panya ilianza zamani. John O'Keefe, mtaalamu wa ubongo, London, mwaka 1971, alikuta seli zinazowaka (yaani zinatoa umeme) panya akifika pahala maalumu tu, kona hii seli hii, kona ile seli nyengine, na 2014 akapata Nobel pamoja na May-Britt na Edvard Moser wa Norway. Lakini panya huenda chini bwana! Ndo Michael Yartsev na Nachum Ulanovsky wa Taasisi ya Weizmann, Israel, wakaonesha mwaka 2013 kwamba kwa popo wa matunda wa Misri anaporuka kila seli ina kipande chake cha hewa, kwa urefu, upana na kwenda juu. Mwaka 2018 maabara hiyo hiyo ikakuta jengine, popo kaning'inia katulia anamtizama mwenziwe anaruka, na kichwani mwake zipo seli zinazofata alipo yule mwenziwe. Mie hii ndo ilonishangaza khasa, mana kwa mnyama mmoja alofungwa peke yake usingeiona abadan.

Siku hizi hawasikilizi seli mojamoja tena, sindano ya Neuropixels ilotoka 2017 inarikodi nukta 384 kwa mpigo, ndo wanaona seli zinavoshirikiana.

Ila usimpachike popo wako wa Kidike matokeo hayo yote. Yule wa Misri hupiga ulimi akasikiliza mwangwi ajue njia gizani, huyu wa Pemba hana hiyo, yeye ni macho na pua. Na huyo alokwambia, kama kasema wanasoma mawazo ya popo, kaongeza chumvi, wao wanajua seli gani imewaka na popo alikuwa wapi wakati ule, basi.