Mkwe wako muache, mwanangu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, naishi Morogoro na mume na watoto wawili. Tangu mwezi wa nne tumbo linanikata chini ya kitovu, linajaa gesi, nikienda chooni linapoa kidogo. Alhamisi ndiyo balaa. Nimepima choo, mkojo, vidonda vya tumbo, ultrasaundi mara tatu, naambiwa sina kitu. Mume kauza pikipiki kulipia vipimo. Mama mkwe alihamia kwetu mwezi huohuo, na kila nikilala hukimbilia jikoni ili mwanawe anione mzembe. Jirani anasema nimetupiwa kitu, kanipa dawa ya chango. Kupumzika siwezi, maana Alhamisi nina marejesho ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na mume hajui. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, na pole. Maumivu yako ni ya kweli, asikwambie mtu unajidekeza.

Ila barua yako nimeirudia mara mbili. Mkopo umeuchomeka mwishoni kama hauhusiki, na mimi ningeanza nao. Mkwe yupo hapo siku zote saba, mbona uchawi wake uchague Alhamisi? Anayekuja Alhamisi ni mdai wako. Kikulacho ki nguoni mwako, nacho umekifunga kwenye pindo la khanga.

Mama wa watu anaamka kukupikia, wewe unasema anakuaibisha. Mumeo kauza pikipiki yake akitafuta ugonjwa, huku wewe ukimficha nusu ya habari. Niko upande wao, na sikuonei. Ndoa za siku hizi mnalala kitanda kimoja, kila mtu na namba ya siri ya simu yake na deni lake. Zamani mwanamke alikopa kibaba cha unga, nyumba nzima ikajua.

Sisemi deni ndilo lililoleta ugonjwa. Utumbo una mishipa ya fahamu mingi inayozungumza na ubongo usiku na mchana. Ukiwa na hofu hukaza, na gesi ya kawaida tu unaihisi kama kisu. Ultrasaundi huonyesha umbo la kiungo, haionyeshi kinavyofanya kazi. Kuna tatizo madaktari huliita IBS: tumbo kuuma angalau siku moja kwa wiki kwa miezi 3, likiendana na kwenda haja au choo kubadilika. Hilo hutambuliwa zaidi kwa maelezo yako. Je, ulimweleza daktari habari ya choo na ya Alhamisi, au ulisema tu "tumbo linauma"?

Ultrasaundi ya nne usiifanye. Chukua daftari, wiki mbili andika ulichokula, saa ya maumivu, choo kilivyokuwa na siku za hedhi, umpelekee daktari mmoja huyohuyo. Yakifuata hedhi mwambie, maana kuna endometriosi, yaani nyama kama ya ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake, ambayo ultrasaundi inaweza isiione. Maharage, vitunguu na maziwa huwasumbua wengi. Punguza kimoja kimoja uone. Dawa ya jirani weka kando, hujui kilichomo. Ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, ukipata homa au maumivu yakikuamsha usingizini, rudi hospitali upesi.

Na kabla ya Alhamisi hii, watoto wakishalala, mwonyeshe mumeo karatasi ya mkopo. Atakasirika, mwache akasirike. Asubuhi mwamkie mkwe wako, unywe uji wake.