DT yangu iliporudi kutoka gereji mgonjwa kuliko ilivyokwenda

Napeleka Yamaha DT 125 yangu gereji, ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: imechoka. Kile kilima cha kwenda shuleni ilikuwa inakipanda kwa gea ya kwanza, tena kwa kulia. Niliinunua kwenye mnada wa mradi uliofunga kazi huku Mbinga, na aliyewahi kumiliki pikipiki ya mradi anajua huwa imepita mikononi mwa wangapi. Fundi akaichonga silinda, akaweka pistoni na ringi za oversaizi, akanikabidhi.

Ilikuwa inawaka kwa kiki moja, hilo nakiri. Lakini silensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa umeachia mafuta, ilikuwa inapanda yenyewe. Ukiachia mafuta, injini inaendelea kupiga kelele sekunde kadhaa kama haijasikia. Na ukiwa katikati ya kilima, mafuta nusu, inakata pumzi kisha inarudi.

"Mwalimu, hiyo iko kwenye ranini, itazoea," fundi akaniambia, akimaanisha kipindi cha vifaa vipya kuzoeana. Akachukua bisibisi, akazungusha skrubu ya pembeni ya kabureta, kelele ikashuka. Nikamshukuru nikaondoka.

Siku ya tatu nashuka mteremko, mafuta nimefunga, nikasikia mlio kama kisu kinachokwaruza sahani, tairi la nyuma likaburuzika. Mkono ulibana klachi wenyewe, sikuuamuru. Nilikaa kando ya shamba la kahawa karibu nusu saa mpaka injini ikapoa, nikaisukuma kiki kwa mkono taratibu, ikazunguka. Ilikuwa imejamu kidogo tu. Nyingine huwa hazizunguki tena.

Injini hizi za mipigo miwili, za kuchanganya oili, hazina oili inayokaa chini ya pistoni ikisubiri kazi. Ulainisho wote unaingia pamoja na petroli. Hewa ikipata mlango wa pembeni, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo, joto linapanda, na pistoni ya alumini inatanuka haraka kuliko silinda ya chuma inayoizunguka. Ubaya wake ni kwamba injini kavu hukimbia vizuri kwanza. Inakuwa nyepesi, kali, unafurahi. Halafu mteremkoni umefunga mafuta, tairi linaizungusha injini kwa nguvu huku ndani kunaingia petroli kidogo na oili kidogo. Ndipo inapobana.

Kwa hiyo ikirudi kutoka gereji inasumbua, usianze na skrubu za kabureta. Kwenye kabureta yangu, Mikuni, skrubu ya hewa iko upande wa ea klina, na ukiikaza kuelekea ndani unaongeza utajiri wa petroli. Fundi alichofanya ni kuongeza petroli ili kufunika hewa iliyokuwa inaingia kwa wizi. Ikaze polepole mpaka igote, halafu irudishe mzunguko mmoja na nusu hivi. Kama injini haitulii mpaka skrubu iwe karibu kufungwa kabisa, hewa inapita kwingine.

Mimi nilimrudia fundi nikamuuliza swali moja, bila ugomvi: ulifungua wapi na wapi? Silinda, kabureta, mpira wa oili. Basi. Umeme hakuugusa, na mimi sikuugusa. Nawajua watu walionunua CDI (kidude cha umeme wa kuwasha plagi) na koili mpya kwa tatizo la gasketi, ile karatasi ya kuziba maungio.

Nilianza na plagi kwa sababu ni rahisi. Panda kilima kwa mafuta robo tatu, zima injini kwa swichi huku umebana klachi, simama, ifungue hapohapo. Ikiwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa kiasi, uko salama. Nyeusi na mbichi, petroli au oili imezidi. Yangu ilikuwa nyeupe kama chaki. Kisha nikasoma namba: badala ya B8ES nilikuwa nimewekewa B6ES. Kwa plagi za NGK, namba ikishuka plagi ni ya moto zaidi. Nikafungua na eksozi, nikamulika tochi kwenye tundu la kutolea moshi. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo myepesi upande ule, ringi bado zinarudi ukizibonyeza kwa kijiti. Nikapumua.

Halafu mpira wa oili. DT ina tangi lake la oili na pampu inayoipeleka kwenye injini. Fundi aliuchomoa mpira, akaurudisha, akasahau kutoa upepo. Nilikiona kipovu kimekaa katikati kama maji kwenye pima maji ya fundi mwashi. Fungua kiskrubu cha pampu, acha oili itoke mpaka isiwe na povu hata moja, funga. Kwa tangi la kwanza baada ya hapo changanya oili kwenye petroli pia, mililita 20 kwa lita, yaani sentimita za ujazo 100 kwa lita 5. Pima kwa bomba la sindano. Wale wa "ongeza kidogo kwa usalama" wajue kwamba oili ikizidi inachukua nafasi ya petroli, na mchanganyiko unazidi kuwa mkavu.

Bado silensa ilikuwa inapanda. Hapo nikaenda kwa rafiki yangu nesi wa zahanati, nikaazima mashine ya kupimia presha ambayo mkoba wake ulishachanika. Usicheke. Nilitoa kabureta na eksozi, tundu la moshi nikaliziba kwa kipande cha tyubu na kibati, kwenye shingo ya kabureta nikachomeka kizibo cha mpira chenye kinjia cha hewa. Plagi iwe imekazwa, pistoni iwe chini kabisa. Nikaziba na njia ya pampu ya oili. Nikaminya kile kipira cha mashine mpaka sindano ikafika 250. Injini isiyo na tatizo haitakiwi kuachia hewa. Sindano ikae dakika tano bila kuporomoka. Yangu ilishuka hadi 100 kabla sijamaliza kuhesabu sitini.

Maji ya sabuni, brashi ya rangi. Chini ya silinda, kimya. Kichwani, kimya. Sili ya upande wa sumaku, ule mpira unaoziba kandokando ya mhimili wa injini, kimya. Pale shingo ya kabureta inapokutana na silinda, povu likajaa kama chai ya maziwa inayotaka kumwagika. Nikafungua: gasketi ilikuwa ya karatasi ya boksi, imelowa oili na kukatika.

Sili ya upande wa gea boksi ndiyo sabuni haiioni, iko ndani. Hiyo pakaa sabuni kwenye tundu la kujazia oili ya gea, povu likipanda hapo ndiyo mhalifu. Dalili yake nyingine ni moshi mweupe usiokoma huku oili ya gea ikipungua bila kuvuja chini.

Nilimpelekea fundi ile gasketi yake. Akaigeuzageuza, akacheka, akasema, "Mwalimu, za kwenyewe zinatoka Songea, na wewe uliitaka jioni ileile." Kweli niliitaka jioni ileile. Akanikatia nyingine kwa karatasi halisi ya gasketi, bure, na plagi namba 8 nikanunua mwenyewe. Baada ya safari ya kwanza tuliiacha ipoe kabisa, tukazikaza upya nati za kichwa.

Kilima cha shuleni sasa naingia na gea ya tatu. Kipimo cha presha hakijamrudia nesi; fundi amekitundika ukutani kando ya pampu ya matairi, na kila nikimkumbusha ana pikipiki ya mtu mezani.