Ufuo umejaa, pesa iko wapi?

Unauliza kwa nini ufuo unafurika wikendi ilhali wenye biashara wanalia njaa. Usihesabu vichwa, angalia nani analala. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa takwimu za utalii wa 2008 humwita mtalii yule tu anayelala walau usiku mmoja. Wengine ni wageni wa kutwa. Hawa hushusha chakula na maji kwenye buti la gari, wakanunua aiskrimu ya mtoto, jioni wakaondoka (taka wanatuachia, hilo hawasahau). Anayelala hulipia chumba, chakula cha usiku, kifungua kinywa, usafiri. Ila akishalipia kifurushi kizima kabla ya kusafiri, naye muuza madafu hamwoni.