Kuigiza hila bila kufanyiana hila

Naongoza kikundi kidogo cha maigizo hapa Dodoma. Tuko tisa. Mazoezi tunafanyia kwenye darasa la shule ya msingi kule Chang'ombe, jioni watoto wakishatoka, na madawati tunayasogeza ukutani wenyewe. Tunafanya tamthiliya za zamani za tamaa na hila: mtu anamtaka asiyestahili kumtaka, mtu anamtia mwenzake sumu ya maneno, nyumba inaanguka. Vijana wengi, hasa wa Chuo Kikuu cha Dodoma, huniuliza waanzie wapi. Nitasema ninayoyajua, na mengi nimeyajua kwa kukosea.

Kosa kubwa lilikuwa Othello. Shakespeare aliiandika mwanzoni mwa miaka ya 1600, na karibu kila anayeisoma mara ya kwanza anavutwa na Iago, yule askari anayemwaminisha mkubwa wake, Othello, kwamba mkewe, Desdemona, anatembea na Cassio, luteni wake. Nafasi ya Iago nikampa kijana wetu mwenye ulimi mtamu kuliko wote, nikakaa naye miezi miwili. Othello nikamwacha asimame tu akisubiri zamu yake ya kusema. Siku ya onyesho watu walimshangilia Iago mwanzo mwisho. Othello alipoanza kulia, kina mama wa mbele wakasema kwa sauti, "Bwege huyo." Desdemona anakufa, watu wanapiga soga. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mchezo wa hila unabebwa na anayesikiliza. Kasome sehemu ya tatu, onyesho la tatu. Cassio anapoondoka, Iago anatupa kaneno kamoja tu, kisha anakataa kukafafanua. Othello anamuuliza anafikiri nini, naye anamrudishia neno lilelile kama swali. Mwishowe Othello mwenyewe ndiye anayebembeleza aambiwe. Sumu anaipika yeye. Iago kaleta kuni. Sasa kama Othello wako anasubiri zamu tu, watazamaji wataona mjanja mmoja na mjinga mmoja, na mjinga hakuna anayemlilia.

Anayeigiza Othello kwetu ni fundi simu. Siku moja nilinunua kisado cha karanga zenye maganda soko la Majengo, nikamwekea sinia mbele. Nikamwambia usiigize chochote, menya karanga, msikilize mwenzio. Iago akawa anaongea akiwa nyuma yake, taratibu, kama mtu anayemhurumia. Maganda yakawa yanalia ka, ka, ka. Ghafla yakanyamaza. Mkono ulikuwa umebaki hewani, punje katikati ya vidole viwili. Hakuna aliyehema darasani. Karanga hizo zipo kwenye onyesho letu hadi leo.

Lakini kusikiliza kwa namna ile, mwili mzima, hakuna anayeweza mbele ya mtu asiyemwamini. Hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu limenigusa mwenyewe. Nikiwa binti, kwenye kikundi kingine, mwongozaji aliniambia pembeni kwamba niliyekuwa naigiza naye ananicheka kwa marafiki zake. Nilipanda jukwaani na hasira ya kweli, watu wakapiga makofi. Wiki mbili baadaye nikagundua ulikuwa uongo, na yule kaka alikuwa ameambiwa uongo huohuo kuhusu mimi. Mwongozaji aliuita "kutafuta hisia". Mimi nauita unyanyasaji. Baada ya hapo sikuweza tena kumtazama mwenzangu machoni tukiwa mazoezini, na uigizaji wangu ukakauka. Tamthiliya za hila huwavuta watu wanaopenda kuchezea wenzao, na ukiwa kiongozi, wa kwanza kujichunguza ni wewe. Mwigizaji asidanganywe kuhusu jambo lolote nje ya maandishi. Kama unataka alie, msaidie apate machozi kwa njia anayoijua na yeye.

Mguso ni hivyohivyo. Kwetu kila mguso unapangwa mapema, mbele ya kikundi kizima, na anayeguswa ndiye anayetoa ruhusa. Ukishapangwa, haubadilishwi jukwaani hata kidogo. Watazame kina mama wa Kigogo wanavyopiga muheme, ngoma zimebanwa miguuni: moto unawaka pale, ila kila mmoja anajua mwenzake anaingia wapi. Dada mmoja wetu, mume wake alikuwa hataki kusikia habari za maigizo. Nilimwalika aje akae mazoezini tangu mwanzo mpaka mwisho. Alikuja mara tatu. Sasa ndiye anayetubebea taa.

Na tamaa haihitaji kushikana sana. Kikundi kidogo mkitaka pa kuanzia, tafuteni Miss Julie ya Strindberg, Mswidi, ya mwaka 1888: wahusika wakuu watatu, jiko moja, usiku mmoja wa sikukuu ya kiangazi. Julie ni binti wa bwana mkubwa, Jean ni mtumishi wa baba yake, Kristin ni mpishi. Kuna mahali Julie anamwamuru Jean abusu kiatu chake. Sisi Jean tulimfanya dereva, na Julie akanyoosha mguu afungiwe kamba ya sandozi. Dereva akapiga goti, akaifunga polepole, mikono yake haikugusa ngozi hata mara moja. Ukumbi uliguna. Baba wa Julie haonekani kamwe; Strindberg anatumia vitu kama buti zake na kengele kumleta jukwaani. Buti tuliziacha, kengele tukaweka honi ya gari getini. Mji huu una nyumba za wakubwa, honi ile kila mtu anaijua. Ilipolia, mabega ya dereva yalishuka, na watu wakaelewa mapenzi yale yameisha.

Kuna na suala la kile kitambaa cha Desdemona, ambacho Othello alikipata kwa mama yake akampa mkewe, na Iago anakigeuza ushahidi. Kwanza tulitumia kanga. Watu wakaanza kusoma maandishi yake kwa sauti, na pia kanga ni kubwa, haianguki bila kuonekana. Tukajaribu kitambaa cha kudarizi cha kochi, kile mama zetu wanachokishona kwa mkono na kukifua wenyewe. Kilipodondoka na Emilia, mke wa Iago, akakiokota, nilisikia mtu akisema, "Yesu wangu, kitambaa cha mama!" Sikuwa na haja ya kueleza thamani yake tena.

Tafsiri msione aibu kuirudia. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akaifanyia kazi upya na kuitoa tena 1969 kama Juliasi Kaizari. Hiyo nayo ni shule ya ushawishi: Cassius, anayetaka Brutus ajiunge na njama ya kumuua Kaizari, anamtupia dirishani barua za kughushi, zenye miandiko tofauti, ili aone wananchi wengi wanamhitaji. Someni kwa sauti, na sentensi ambayo ulimi unaikwaa, ibadilisheni.

Mengine ni ya kawaida. Jisajilini Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), muoneni Afisa Utamaduni mapema. Msipange onyesho kati ya Desemba na Aprili chini ya bati, mvua ikishuka hamtasikika. Anzeni saa kumi jioni ili watu wawahi daladala. Na mazoezi yakiisha, msiachane hivihivi. Sisi tunakaa duara, tunaitana majina yetu halisi, tunapeana mikono, tunakunywa chai. Iago wetu anahitaji chai hiyo kuliko wote, maana kuna bodaboda mtaani kwao aliyekataa kumbeba.

Mwaka jana tuliirudia Othello. Bibi mmoja alikaa mbele kabisa, mjukuu mapajani. Maganda yalipoacha kulia, alivumilia kidogo, kisha akasema, "Baba, si umuulize mkeo?" Hakuna aliyecheka. Fundi simu wetu aligeuza shingo, akamtazama yule bibi, punje ikiwa bado vidoleni. Nilidhani atatoka kwenye mchezo. Halafu akageuka, akamwangalia Iago, akamwambia aendelee.